Uliyomwambia Mwenye Duka Kabla Yangu

Mpendwa Baba Kulwa,

Bado nina hasira na wewe. Nimekaa nayo tangu tulipokuzika, nimechoka kuificha mbele ya wanao, kwa hiyo leo naiandika.

Unaikumbuka siku tuliyokwenda kutafuta skrini ya kompyuta pale Kahama mjini. Ofisi nilimokuwa nachapa ilikuwa imefungwa, na bosi akaniachia kompyuta yenye skrini iliyoungua. Wachimbaji walikuwa wakimiminika mjini, kila mmoja anataka barua ya kuomba kitalu cha kuchimba, na mimi nikataka kuwachapia nikiwa nyumbani. Wewe ndiye uliyesema twende haraka. Haraka hiyo sikuielewa.

Dukani kwa Mzee Jaffer kulikuwa na skrini mbili zilizotumika. Moja ndogo, imepauka. Nyingine pana, maandishi yake yanasomeka ukiwa mlangoni, na bei yake nafuu kuliko nilivyotegemea. Moyo wangu ukaangukia hapo hapo. Nikasema tulipe, tuondoke.

Ukakataa. Miaka yote ulinunua ng'ombe minadani, Tinde mpaka Runzewe, na hukuwahi kutoa hela kwa ng'ombe aliyelala. Lazima asimame, atembee juani, anywe maji, ndipo uanze kuzungumza bei. Basi na skrini ukaifanyia vivyo hivyo. Ukaizunguka. Ukaipapasa mgongo, ukanusa matundu ya kutolea joto. Nikaona haya, wateja wanatuangalia.

"Iacheni iwake," ukasema. "Nataka niione ikichoka."

"Ndugu yangu, hapa si mnadani," Mzee Jaffer akasema kwa upole. "Na kuna mnunuzi wa dhahabu anaitaka hiyo pana. Akifika na hela yake, nampa."

Nikakusukuma kwa kiwiko. Ukabaki umesimama, mkono mmoja umeshika kaunta, jasho linakutoka shingoni ingawa feni ilikuwa juu yetu. Nilidhani ni ubishi. "Unanitia aibu, Baba Kulwa, tutaikosa," nikanong'ona. Kila gari liliposimama nje, niligeukia mlangoni nikidhani mnunuzi yule amefika.

Kisha picha ikaanza kubanwa pembeni. Herufi za upande wa kulia zikapinda, zikatetemeka, na harufu ya kuungua ikatoka nyuma. Mzee Jaffer akaizima mwenyewe. Hata yeye alishangaa, maana hakuwahi kuiacha ikawaka muda mrefu hivyo. Akasema hata kama ingetufia nyumbani, tungeirudisha tu, angetubadilishia.

Hapo ndipo ulipomjibu, taratibu, macho yako kwake, si kwangu.

"Atairudisha nani? Mimi hospitali wameshanieleza. Huyu atabaki peke yake na watoto. Nipe ambayo haitamsumbua."

Nilikuwa nimesimama ubavuni mwako. Nililisikia neno hilo kama mteja mwingine yeyote aliyekuwa mle dukani.

Tulichukua ile ndogo, baada ya wewe kuichosha hiyo pia. Imetulisha. Wanao wanasoma kwa kazi yake, na watu wananiambia mume wangu alikuwa mtu wa kuona mbali. Naitikia. Lakini hospitali walikueleza lini? Tulikula pamoja, tukalala kitanda kimoja, tukapanga mambo ya mwakani, na wewe ukijua. Ungeniambia, nisingekusukuma siku ile. Ningekutafutia kiti.

Ulipoondoka, muda mfupi baada ya siku ile, nilikuwa bado sijamaliza kukuuliza maswali, na wewe ulikuwa umeshachoka kujibu.

Skrini ulinichagulia vizuri, asante, wabeja sana. Ila ile miezi ya mwisho ilikuwa yetu wawili, na ulikaa nayo peke yako.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Mama Kulwa