Chumba Kisicho na Shahidi

Kindu, 3 Rajabu 1307

Kwa mwanangu Waziri, huko Tunda. Nakusalimu salamu nyingi kuliko mpunga wa shamba lako. Hujambo? Mguu umepona? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila nyumba haipo. Iliungua Jumatatu kwa moto wa jikoni. Zimebaki kuta chache tu, zimeiva kama chungu.

Usishtuke. Kila mavuno tumetoa kikapu cha mpunga kwenye shirika la mtaa, ili nyumba ya mmoja ikiungua wengine waijenge na kurudisha vilivyokuwemo. Lakini hurudishwa kile tu alichokiona mtu mwingine. Mwenye kudai hajishuhudii. Basi kila mchana nikisinzia barazani kwa jirani, naingia nyumbani ndotoni. Inanukia mvua, haijaungua. Nagusa kimoja kimoja, nikiamka namtajia Mwalimu Mbaraka, mkubwa wa shirika, ambaye ndiye anayeniandikia barua hii. Majirani wamevikubali vyote, hata kinu chenye ufa. Kumbe faida ya kuacha mlango wazi ndiyo hii!

Chumba chako tu kimekataliwa. "Mama, hiki chumba iko nani mwenye alikiona?" Mwalimu aliniuliza. Nilikifunga ulipogombana na baba yako ukaondoka, miaka minane sasa, na waliokijua wamekufa au wamehama. Ndotoni mlango wake hufunguka, naona mwangaza tu. Wakikiacha, nitakuwa na nyumba isiyo na mahali pako, na hilo siliwezi. Shuhudia wewe.

Mamako, Aziza

Tunda, 14 Rajabu

Mama yangu, nashika miguu yako. Pole sana. Mguu umepona, moyo ndio ulioniuma niliposoma.

Waambie dirisha lilitazama Lualaba, na asubuhi mwanga wa maji ulicheza ndani ya paa. Nyuma ya mlango Baba alinisimamisha kila Idi Kubwa, akakwaruza kimo changu ukutani kwa kisu. Alama ni tano. Ya sita niliikataa, nikamwambia mimi si mbuzi wa kupimwa. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, Mama. Nimeyaonea haya mpaka leo.

Mwanao, Waziri

Kindu, 9 Shaabani

Mwanangu, salamu. Walifuta masizi nyuma ya mlango, Mwalimu akahesabu. Alama saba! Mmoja akasema, "Shahidi amekosea hesabu."

Ndipo nikakumbuka. Ulipoondoka, kila Idi Kubwa baba yako aliingia chumbani mwako peke yake, akajifungia. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anakukadiria kimo. Idi mbili, kisha akafa.

Mwalimu akafunga daftari. "Hapa mashahidi iko wawili," alisema. Wamejenga nyumba yote, na chumba chako, na ukuta ule hawakuukandika. Alama ya juu naifikia kwa kunyoosha mkono. Siku hizi ndotoni naingia mpaka ndani, na maji yanacheza paani.

Mamako, Aziza

Kibombo, 25 Shaabani

Mama, nashika miguu yako. Barua yako imenikuta, na usiku huohuo nilifunga mzigo. Niko njiani, Ramadhani tutaanza pamoja.

Hapa nimemwomba mama mmoja wa kimo chako anyooshe mkono ukutani. Alinicheka, lakini alikubali. Vidole vyake vimenipita kwa inchi nne. Baba alinizidishia kimo.

Weka kisu nyuma ya mlango. Nitasimama wima, nawe ukwaruze.

Mwanao, Waziri