Kibuyu Kimeoshwa kwa Sabuni

Kimulot, Jumanne

Kwa sabuni! Na amelelewa hapa hapa, anajua kibuyu cha mursik, maziwa mala yetu ya mkaa, hakiguswi na sabuni. Lakini binti yangu Chebet ameolewa Sotik miaka mingi, siku hizi ananunua maziwa ya paketi. Labda amesahau.

"Baba, kilikuwa kinanuka. Nimekisugua na maji moto mpaka kikawa safi," akaniambia, amefurahi kabisa.

Nikasema asante.

Mama yake ndiye alikipaka mkaa mara ya mwisho, wiki ile kabla alazwe hospitali. Tangu tumzike sijakitia maziwa. Kila asubuhi kabla ya kukamua nilikuwa nafungua kifuniko, navuta ile harufu ya moshi na maziwa mala, halafu nafunga haraka isije ikaisha. Ni hayo tu. Baadaye naenda kwa ng'ombe, kisha kuchuma majani chai, na siku inasonga. Sikuwahi kumwambia mtu. Mzee mzima kunusa kibuyu, si wangesema nimeanza kuchanganyikiwa.

Leo jioni nimenusa. Sabuni ya kufulia.

Chebet anasema kesho atachoma mkaa mpya, akipake vizuri, tuweke maziwa. Ni mtoto mzuri. Hata mti atakaochoma utakuwa uleule wa mama yake. Lakini...

Saa kumi na moja asubuhi nitaamka, kwa sababu ng'ombe lazima akamuliwe. Sababu nyingine nilikuwa nayo mpaka leo mchana.