Maji ya chini ya ngozi ya Idi

Dada Rehema, shikamoo.

Baridi ya Johannesburg inauma hadi meno. Jana kaka Idi alitoka kwenye mashine inayomsafisha damu badala ya figo, nikamsindikiza maabara ya chuo, Braamfontein. Daktari alimchoma sindano nyembamba tumboni, akavuta maji yaliyo katikati ya nyama, tone kwa tone. Akanichoma na mimi, apate mtu mwenye figo nzima wa kumlinganisha naye. Kwa macho, maji yetu yalikuwa meupe sawasawa.

Tulisubiri majibu, Idi akijikuna mikono hadi ikachubuka. Nilishindwa kumtazama.

"Damu yake ina nafuu," daktari alisema, "lakini kwenye nyama sumu bado imejaa. Mashine haikuiondoa yote."

Siku tuliyomzika Baba, Idi alikuwa ametoka kwenye mashine hiyohiyo, akasema mwili umemlemea, hawezi kuja. Ulisema, "Si ameshasafishwa? Apande ndege." Nami nikakuunga mkono.

Jana, baada ya majibu hayo, Idi hakulalamika. Alimuuliza daktari tu kama karatasi ya majibu inaweza kutumwa nyumbani.

Ninayo mkobani, nitakuletea. Lakini usiingoje, dada yangu. Mpigie leo.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura