Mkono Ulioifuta Kazi Yangu

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili asubuhi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo umepata nafuu, au bado unakalia kile kiti kibovu cha kazini kwako? Sisi huku ni wazima. Mama ana mafua, lakini sauti ya kutugombeza iko palepale.

Uliuliza kazi inaendaje. Mjomba, nimechafukwa na roho.

Unajua tunatengeneza programu ya duka la dawa la hospitali. Sehemu yangu ilikuwa kumwonya mfamasia pale mtoto akiandikiwa dozi ya mtu mzima. Jumanne niliikamilisha. Kabla sijaipeleka kwenye seva, kompyuta kuu inayotunza kazi yetu sote, kiongozi wetu, tunayemwita Chapuchapu, akataka kila mtu asasishe nakala yake ya msimbo wa programu, maana wauguzi walikuwa njiani kuja kuiona programu.

Nikamwambia, "Ngoja nihifadhi kazi yangu kwanza. Kisha nilete mabadiliko ya wenzangu, niyaangalie, ndipo niyaunganishe." Ndivyo ulivyonifundisha.

Akasonya. Mdomo umejaa karanga, akainama juu ya bega langu, na kwa vidole vyake vya mafuta akaandika amri ya kulazimisha nakala yangu ifanane na ya seva. Nilimshika mkono. Akabonyeza hivyo hivyo. Kazi ya wiki nzima ikapotea, makombo yakabaki kwenye kibodi.

"Unaona? Safi," akasema.

Hilo labda ningelimeza. Wauguzi wakaja, na muuguzi mkuu akauliza, "Sasa mtoto akiandikiwa dozi ya mtu mzima?" Tukaijaribu, skrini haikutoa onyo lolote. Chapuchapu akanipigapiga begani. "Huyu binti yetu hajamaliza."

Nikautoa mkono wake. "Nilimaliza. Umeifuta wewe, nikiwa nimekushika."

Yule mama muuguzi hakugomba. Alifunga mkoba wake akasema hataipokea programu mpaka onyo lirudi; wamewahi kupoteza mtoto kwa kosa hilohilo. Chapuchapu akaendelea kutafuna.

Nimeiandika upya. Faili moja la zamani lilikuwa limebaki wazi kwenye skrini yangu, likanipa pa kuanzia. Ijumaa muuguzi mkuu aliijaribu mwenyewe. Onyo lilipotokea, akanishika mkono.

Na Chapuchapu? Amebandika tangazo mlangoni: hifadhi, leta, angalia, ndipo uunganishe. Chini yake, kwa herufi nene: "Utaratibu wangu." Wenzangu wanampongeza, naye anapokea. Kuna watu haya iliwapita kando. Nimeomba kuhamishiwa kikundi kingine, na nisipohamishwa nitaondoka.

Nisalimie mkazamjomba na mwanenu Kibonge. Babu anasema upige simu, hataki ujumbe wa kusoma. Mungu akutunze huko uliko, akuweke mbali na watu wa namna hii.

Mimi nikupendaye,
Mpwa wako