Nguzo za Simu Zilizoshika Paa la Mzee Matonya

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa katika boma la Dodoma, chumba cha polisi, Alhamisi tarehe 15 Februari 1912.

Shahidi: Mwanahawa binti Hasani. Umri: haujui kwa hakika, anasema alizaliwa mwaka wa nzige. Kabila: Mrangi wa Kondoa. Kazi: kupika na kuuza uji kwa vibarua wa reli. Makazi: Makole.

Shauri: Elieza, Mgogo wa Mvumi, kibarua wa reli, anatuhumiwa kuchukua nguzo nne za chuma za waya wa simu, mali ya serikali.

Mimi Mwanahawa nasema kweli, na nitasema taratibu ili askari huyu, Ombasha Khamisi, aandike yote asiniruke.

Mnamo tarehe 13, Jumanne, kama saa nane mchana, nilikuwa jikoni kwangu nakoroga uji wa uwele. Mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumapili. Jirani yangu Mzee Matonya na wanawe walikuwa juu ya tembe lao, nyumba ya paa bapa, wakimwaga udongo. Ndivyo wafanyavyo watu wa hapa: paa la udongo likivuja, wanaliongezea udongo. Nikapaza sauti, "Shikamoo mzee! Hilo paa si limeshashiba?" Akanijibu, "Marahaba, binti yangu. Wewe pika uji wako."

Hata mwiko sijaushika tena, nikasikia kishindo. Paa la upande wa mashariki lilikuwa limeingia ndani. Chini yake alikuwamo Loisi, mkwe wa Mzee Matonya, na mtoto wake mchanga.

Yowe likapigwa. Watu wakaja mbio, wanaume kwa wanawake, wote wakakwea juu ya lile paa wakachimba kwa majembe. Ee Mola wangu! Hata mimi nilishatia mguu mmoja. Ndipo Elieza akatokea upande wa reli, anapiga kelele, "Shukeni! Mnawakanyaga!" Wote wakashuka, isipokuwa Mzee Matonya. Elieza akamshika mguu akamvuta mpaka chini, mtu mzima mwenye mvi. Kwetu Kondoa ukifanya hivyo unalaaniwa. Lakini Elieza ana sababu. Kule Mvumi ndugu yake alifunikwa na tembe, akawa mzima, anaita watu kwa majina, mpaka wale waliokuja kumwokoa walipopanda juu yake.

Kwa ajili hiyo mwaka jana alipita nyumba zetu zote akatugawia kazi: huyu wa kuchimba, yule wa kushikilia ukuta, mimi moto na uji. Akakata magogo ya mpingo akayalaza nyuma ya nyumba yake, akasema ni ya siku hiyo tu. Tulimcheka sana, Bwana Ombasha. Tukasema kijana huyu anatuletea uchuro, msiba haualikwi.

Basi siku ilipofika, magogo hayapo. Mzee Matonya alikuwa ameyachukua akajengea zizi la ndama, na zizi lenyewe limelaliwa na ukuta ulioanguka. Elieza hakumgombeza. Alitazama huku na huku, akaziona nguzo za simu zilizolazwa kando ya reli. Mtu mmoja akamwambia, "Hizo za Mdachi, utakula kiboko." Akajibu, "Nitakula. Beba!"

Zikatiwa chini ya paa, moja moja, paa likashika. Kisha wakatoboa ukuta ubavuni, tundu la kupita mtu mmoja kwa tumbo. Elieza akasema kila anayeingia achimbe wimbo mmoja, na sisi nje tuimbe. Wimbo ukiisha atoke, anywe uji, aingie mwingine. Nani amesikia kazi ya kufa na kupona ikienda kwa wimbo? Sila, mume wa Loisi, alikataa kutoka. Alisema mke ni wake. Elieza akamtoa kwa nguvu, na Sila alipotoka tu akaanguka, pumzi hana. Angebaki mle tungekuwa na wa kufukua watatu. Nilimnywesha uji mwenyewe, kama mtoto, na machozi yananitoka.

Jua likiwa linakaribia kuzama Loisi akatolewa, mguu umevunjika. Mtoto alikuwa kifuani kwake, mzima, analia kwa hasira. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile.

Nimeulizwa kama nilimwona Elieza akichukua nguzo. Nilimwona. Nguzo ya tatu tuliibeba mimi na yeye. Liandike hilo, usiliruke.

Nimeulizwa nguzo ziko wapi. Ziko palepale, zimeshika nusu ya paa iliyobaki, na chini yake wamelala watu. Anayezitaka akazing'oe mwenyewe.

Nina neno moja la mwisho. Mvua bado inanyesha, unaisikia. Matembe ya Makole yote yamelowa, na mtu pekee anayejua kutushusha kutoka juu ya paa mmemfunga mnyororo humu ndani. Mzee Matonya yuko pale langoni tangu asubuhi, ananyeshewa, anasema yeye ndiye afungwe. Mwiteni naye mmsikie.

Nimeyasema haya kwa kinywa changu, na nikiitwa tena nitayasema hivi hivi.

Alama ya kidole cha shahidi. (Amekataa kuchora msalaba.)

MAANDISHI YA OMBASHA
Nimemsomea shahidi maneno yake, ameyakubali. Alipokuwa anafuta wino kidoleni, yowe lilisikika kutoka Makole: tembe jingine limeanguka. Mtuhumiwa aliligonga lango la mahabusu kwa mnyororo wake. Nilimfungua kwa dhamana yangu mwenyewe. Askari wangu wawili walimfuata wakachimba naye, kwa nyimbo. Wamepatikana watu wawili, wote hai.

Magharibi Elieza alirudi peke yake, mwili mzima udongo, akanyoosha mikono nimfunge. Sijamfunga. Amelala chumbani mwangu. Nangoja amri ya Bwana Shauri, mkuu wa boma.

Khamisi, Ombasha wa polisi, Dodoma.