Siku tulipopeleka ndagala Fizi

Mujukuu wangu Riziki,

Jambo sana. Hapa Baraka tuko wazima, mama yako amevuna mihogo. Unauliza kama zamani pia kuuzia serikali kulitaka karatasi nyingi hivi.

Zilikuwa nyingi. Kila karatasi ilitaka kupanda Fizi kwa miguu, na ndagala, samaki zetu ndogo za ziwa, nyumbani zinaoza. Kazi ya kulisha batu ba serikali benye kutengeneza barabara ilimuangukia Bwana Saidi kila mwaka, sababu alikuwa na lori ya kumupeleka kutafuta karatasi. Sisi tulisema ndagala zake ndizo nzuri.

Halafu akaja muzungu mupya wa kusimamia barabara. Akasema: "Kila mwenye kuuza alete ndagala kwanza, tuone zenye kuwa nzuri. Karatasi atatafuta ule tu atashinda."

Asubuhi ile bamama tulijaza kiwanja cha Fizi na vikapu. Bwana Saidi akaniuliza polepole: "Kumbe ninyi wote munauzaka?"

"Tangu zamani," nikamujibu.

Koko wako,
Mama Asende