Lisbon hadi Marseille, Peke Yangu

Jumapili jioni

Basi, nimewaambia. Miezi minne nimeificha ile ramani, na leo baada ya chakula nimeitandaza mezani kwa mama, mtaani Albert Park: Lisbon, kusini yote ya Hispania, mpaka Marseille. Kwa baiskeli, mimi peke yangu.

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, alicheka, halafu akaona sicheki. "Eish, mwanamke wa miaka thelathini! Nani atakusindikiza?"

Aliuliza mara tatu. Viza ninayo, likizo nimepewa kiwandani kwetu, kule Jacobs, kila Jumamosi napanda mlima wa Berea na mizigo bila kushuka baiskeli. Yeye anauliza nani.

Mama alifuata mstari wa safari kwa kidole. Nilijua atakataa.

"Usiku utalala wapi?"

"Kwenye hema, mama. Kando ya barabara, watu wanione."

"Hapana. Wakati tulikimbia vita kule Uvira, wewe mgongoni, Furaha akinishika kitenge, niliogopa watu kuliko giza. Utoke barabarani, utafute pahali iko maji, kisha uzime taa."

Yaya hakuuliza tena.

Mama hakusema niende, wala hakusema nisiende. Na mimi naogopa, hilo sikuwaambia. Nikipasukiwa tairi mlimani, mvua inanyesha, na hakuna hata mtu mmoja wa...

Lakini nimefuta vituo vyangu vyote vya kando ya barabara. Mama alivaa miwani, akavuta kiti karibu, akaanza kunitafutia vijito kwenye ramani.